Kitundu Kichwani: Kabla Hujatia Sahihi

Miongoni mwa karatasi ambazo mtu hutakiwa kuzitia sahihi katika maisha yake, ni chache zilizo nzito kama ile inayoletwa mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi. Karatasi ya kiwanja au ya mkopo mtu huweza kwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akashauriana na wenzake, kisha akairudisha kesho. Karatasi hii haina kesho. Ndugu yako amegongwa na gari, au ameanguka na pikipiki, au ameporomoka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akiwa kazini. Amelala, hana fahamu, na mashine ndiyo inayompumulia. Daktari anaeleza kwamba wanataka kutoboa kitundu katika fuvu la kichwa chake, wapitishe waya au mpira mwembamba hadi ndani ya ubongo, ili wapime shinikizo lililomo. Kisha anauliza: je, mnakubali?

Wapo wanaokataa papo hapo, kwa kuamini kwamba mtu akishatobolewa kichwa hawezi tena kuwa mzima. Wapo pia wanaokubali upesi, kwa kuamini kwamba mashine yenye taa na tarakimu haiwezi kukosea. Makundi haya mawili yanatofautiana katika jibu, lakini yanafanana katika jambo moja: yote yamekata shauri gizani. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Juma hili tutajaribu kuwasha taa kidogo, ili msomaji ajue kifaa hiki ni kitu gani, kina hatari gani, kina manufaa gani, na ni maswali yapi yampasayo kumwuliza daktari kabla ya kushika kalamu.

SANDUKU LISILOTANUKA

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, ambao huchukua kiasi cha sehemu 8 katika kila 10 za nafasi iliyopo, damu, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo na kujaza vyumba vilivyo katikati yake. Mguu ukiumia, ngozi hutanuka na uvimbe hupata mahali pa kukaa. Ubongo ukiumia na kuvimba, hauna mahali pa kwenda. Jambo hili lilielezwa na daktari Alexander Monro wa Edinburgh mwaka 1783, na mwenzake George Kellie akalithibitisha mwaka 1824: kitu kimoja kikiongezeka ndani ya sanduku hilo, hapana budi kingine kipungue.

Mwanzoni mwili hujitahidi. Maji ya ubongo husukumwa kuelekea kwenye uti wa mgongo, na damu ya mishipa ya vena hukamuliwa itoke. Hali hii ni kama ya basi lililojaa asubuhi ya siku ya kazi. Abiria husogeleana, hubana viwiko, na basi huendelea kupokea. Lakini hufika mahali ambapo abiria mmoja tu anayeongezeka huwakosesha wengine pumzi. Ndivyo ilivyo kwa ubongo. Nafasi ya akiba ikiisha, uvimbe mdogo hupandisha shinikizo kwa ghafula.

Shinikizo hilo hupimwa kwa milimita za zebaki, kama lile la damu. Kwa mtu mzima aliyelala, kiasi cha kawaida ni kati ya 7 na 15. Mwongozo wa kitaalamu wa Marekani uliotolewa mwaka 2016 unashauri matibabu yaanze likipita 22. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Moyo husukuma damu kuingia kichwani, na shinikizo la ndani ya fuvu huizuia. Kizuizi kikizidi nguvu ya msukumo, damu haifiki, na sehemu za ubongo ambazo hazikuumia katika ajali nazo huanza kufa kwa kukosa hewa ya oksijeni. Madaktari huliita hilo jeraha la pili. Jeraha la kwanza lilikwisha kutokea barabarani, na hakuna awezaye kulirudisha nyuma. Kazi yote ya chumba cha wagonjwa mahututi ni kulizuia hili la pili.

KWA NINI WASITAZAME KWA MACHO?

Msomaji anaweza kuuliza: je, daktari hawezi kumtazama mgonjwa akajua? Anaweza, kwa kiasi. Mwaka 1974 madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walibuni kipimo ambacho hadi leo hutumika duniani kote. Mgonjwa hutazamwa kama anafumbua macho, kama anasema, na kama anatii anapoamriwa kusogeza kiungo. Mtu mzima wa afya hupata alama 15. Aliye hoi kabisa hupata 3. Anayepata 8 au chini yake huhesabiwa kuwa ameumia vibaya.

Shida ni kwamba mgonjwa huyo aghalabu amelazwa kwa dawa za usingizi ili mashine impumulie. Hawezi kusema wala kutii amri. Kinachobaki cha kutazamwa ni mboni za macho. Na mboni moja ikitanuka na kukataa kusinyaa mbele ya mwanga, mara nyingi hatari imekwisha kuwa kubwa. Picha ya sitiskani huonyesha uvimbe na damu, lakini ni picha ya dakika moja tu. Haielezi litakalotokea saa nane za usiku. Kwa ajili hiyo wataalamu walitafuta njia ya kulipima shinikizo muda wote, wakaona kwamba njia ya hakika ni kuingia ndani.

Wafaransa Guillaume na Janny walichapisha majaribio yao mwaka 1951. Mwaka 1960 Nils Lundberg wa mji wa Lund, Sweden, alieleza jinsi alivyowapima wagonjwa 143 kwa kupitisha mpira hadi kwenye vyumba vya maji vya ubongo, na akaonyesha kwamba shinikizo hupanda na kushuka kama mawimbi hata pale ambapo mgonjwa anaonekana kutulia.

Njia yake bado inatumika. Mpira wenye unene wa milimita 3 hivi hupitishwa hadi kwenye vyumba hivyo vya maji. Ubora wake ni kwamba hupima na pia hutibu, kwa kuwa maji yanaweza kutolewa kupitia humo humo ili kupunguza shinikizo. Njia ya pili ni waya mwembamba, unene wake zaidi kidogo ya milimita 1, ambao ncha yake hukaa katika nyama ya ubongo. Huo hupima tu, hautoi maji. Kwa kawaida kitundu hutobolewa upande wa kulia wa kichwa, nyuma kidogo ya mahali nywele zinapoanzia, kwa kuwa watu walio wengi hutegemea upande wa kushoto wa ubongo kwa usemi. Ngozi hutiwa ganzi. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu.

HATARI ZILIZOPO

Hakuna daktari mwaminifu atakayekuambia kwamba jambo hili halina hatari. Hatari zake zinajulikana, na nyingi zimehesabiwa.

Ya kwanza ni kuvuja damu. Mpira unapopita unaweza kukata kishipa kidogo. Wataalamu walipokusanya taarifa za wagonjwa wengi waliowekewa mpira wa maji, waliona kwamba wapatao 6 au 7 katika kila 100 huonyesha alama ya damu katika picha ya baadaye. Lakini sehemu kubwa kabisa ya damu hiyo ni kidogo na hunyauka yenyewe. Wale wanaopata madhara ya dhahiri ni chini ya 1 katika kila 100. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri, mathalani anayetumia dawa za kuyeyusha damu au mwenye ugonjwa wa ini. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza, na ndiyo maana ni wajibu wa jamaa kutaja dawa zote alizokuwa akizitumia mgonjwa, zikiwamo za miti shamba. Kuficha hapo ni kumwongezea hatari.

Ya pili ni maambukizo. Kitundu ni mlango, na vijidudu havihitaji mlango mkubwa. Kwa mpira wa maji, taarifa nyingi zinataja kati ya wagonjwa 5 na 10 katika kila 100, ingawa ziko hospitali zilizoteremka chini ya hapo kwa uangalifu wao na nyingine zilizopanda juu. Maambukizo hayo yanaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, nayo huua. Jambo la kukumbuka ni kwamba hatari hii inategemea sana mikono ya watu: jinsi kitundu kilivyotobolewa, jinsi bandeji inavyobadilishwa, mara ngapi mpira unafunguliwa ili kuchukua maji ya kupima, na siku ngapi unaachwa ndani. Mpira unaoguswa mara chache na kuondolewa mara tu kazi yake inapokwisha ndio ulio salama zaidi. Waya mwembamba, kwa kuwa hauna maji yanayotembea ndani yake, huleta maambukizo na damu mara chache zaidi.

Ya tatu ni kukaa mahali pasipo pake. Daktari aghalabu huongoza mpira kwa vipimo vya nje ya kichwa na kwa uzoefu wa mkono wake, wala haoni ndani. Ubongo uliovimba huvibana vyumba vya maji vikawa vyembamba kama ufa, na kuvipata huwa shida. Mpira unaweza pia kuzibwa na damu iliyoganda, au kuchomoka mgonjwa anapogeuzwa kitandani.

Ya nne ni kutoa maji kupita kiasi. Chupa ya kukusanyia maji hupangwa kwa kimo maalumu kikilinganishwa na sikio la mgonjwa. Kitanda kikiinuliwa au kuteremshwa bila ya chupa kurekebishwa, maji yanaweza kumwagika mengi mno au yasitoke kabisa. Hapa ipo sababu ya kweli ya ile sauti ya muuguzi anapowaambia wageni: "Jamani, msiguse kitanda!" Si ukali. Analinda kichwa cha ndugu yenu.

Ya tano hutajwa mara chache, nayo ni namba ya uongo. Waya uliokaa siku kadhaa unaweza kuanza kupotoka katika usomaji wake, na aina nyingi za waya haziwezi kusahihishwa zikiwa tayari ndani ya kichwa. Namba ya uongo huweza kumfanya mgonjwa apewe dawa kali asizozihitaji, au anyimwe anazozihitaji. Kwa hiyo daktari mzuri haamini namba peke yake. Huilinganisha na mboni za macho, na picha, na hali nzima ya mgonjwa.

JE, NAMBA HUPONYA?

Tumefika kwenye kiini cha mambo. Kifaa hiki hakiponyi. Hupima. Kipimajoto hakikupata kumponya mtu homa, na waya huu ni ndugu wa kipimajoto. Kinachoponya, kama kitaponya, ni hatua zinazochukuliwa baada ya namba kusomwa: kuinua kichwa cha kitanda, kuongeza dawa ya usingizi, kutia maji ya chumvi kali au dawa ya kupunguza maji katika ubongo, kutoa maji, au kufungua sehemu ya fuvu.

Suala hili lilipimwa kwa haki katika nchi mbili za Amerika ya Kusini ambazo, kama nchi nyingi zenye kipato kidogo, hazikuwa na vifaa hivi kwa wingi. Katika hospitali za Bolivia na Ecuador wagonjwa 324 walioumia vibaya vichwani waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja liliwekewa kifaa, na matibabu yakafuata namba. La pili halikuwekewa. Lilitibiwa kwa kufuata ratiba kali ya uchunguzi wa mara kwa mara na picha za sitiskani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Baada ya miezi 6, waliokufa katika kundi la kifaa walikuwa 39 katika kila 100, na katika kundi la pili 41. Kitaalamu tofauti hiyo si tofauti. Walionusurika nao hawakupishana kwa namna ya kutegemewa katika uwezo wao wa kuishi na kufikiri. Hata hivyo kundi la kifaa lilipewa matibabu ya kushusha shinikizo kwa siku chache zaidi, kwa kuwa madaktari walijua lini waache.

Habari hiyo ilizua mabishano makubwa. Wengine walidai kwamba sasa vifaa vitupwe. Hilo silo lililothibitishwa. Makundi yote mawili yalikuwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, yakiangaliwa kwa makini usiku na mchana. Lililoonyeshwa ni kwamba uangalizi wa kweli unaofuata utaratibu unaweza kusimama bila ya waya. Halikuonyeshwa kwamba mgonjwa anaweza kuachwa bila uangalizi. Mwaka 2021 ukatangazwa uchunguzi mwingine uliofuatilia wagonjwa 2,395 katika nchi 42, ambao uliona kwamba miongoni mwa walioumia vibaya sana, waliopimwa kwa kifaa walikufa kwa uchache zaidi katika miezi 6. Lakini humo hapakuwa na bahati nasibu. Yumkini hospitali zenye vifaa zilikuwa pia na wauguzi wengi na maabara bora, na huenda hayo ndiyo yaliyookoa maisha.

Ziko pia nyaya zinazopima oksijeni katika nyama ya ubongo. Zilileta matumaini makubwa, lakini uchunguzi wa Ufaransa uliotangazwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 318, haukuona kwamba kuziongeza juu ya kipimo cha shinikizo kulipunguza idadi ya waliopata matokeo mabaya.

Tena namba huzaa uamuzi, na uamuzi mwingine ni mzito kuliko kitundu chenyewe. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 408 ambao shinikizo lao lilikataa kushuka. Waliofunguliwa sehemu ya fuvu walikufa 27 hivi katika kila 100 ndani ya miezi 6; wasiofunguliwa walikufa 49. Ni maisha mengi yaliyookolewa. Lakini miongoni mwa walionusurika kwa upasuaji, walikuwamo zaidi waliobaki bila ya utambuzi wowote au wakitegemea wengine kwa kila kitu. Jamaa wanaokubali kipimo hawana budi kujua kwamba huenda kesho wakaulizwa swali hilo pia.

PASIPO NA KIFAA

Yapo majumba ambayo, mgonjwa wao akiwa katika hospitali isiyo na kifaa hiki, huanza kuuza kiwanja na kukopa kwa riba ili wamhamishe, wakiamini kwamba pasipo waya ametupwa. Tuseme wazi: hajatupwa. Mwaka 2020 wataalamu walichapisha mwongozo maalumu wa kuwatibu wagonjwa wa namna hii pasipo na kifaa, kwa kutumia uchunguzi wa mwili na picha. Vipo pia vipimo vya nje, kama vile kupima kwa altrasaundi unene wa ala ya mshipa wa fahamu wa jicho, ambavyo husaidia kukisia shinikizo japo havijachukua nafasi ya kipimo cha ndani. Kumhamisha mgonjwa mahututi nako kuna hatari zake, kwa kuwa njiani pumzi na msukumo wa damu vinaweza kushuka, na kushuka huko huudhuru ubongo kuliko kukosa waya. Kama daktari anashauri ahamishwe kwa ajili ya upasuaji au mashine ya kupumulia, hiyo ni sababu kubwa. Kufuata waya peke yake si sababu ya kuiacha familia bila ya paa.

MASWALI YA KUULIZA

Hapana haja ya kuwa msomi ili kumwuliza daktari. Mchagueni mmoja katika jamaa, aliye mtulivu, asimame kwa niaba ya wote, naye aulize kwa heshima:

"Daktari, ni dalili gani zinazokufanya udhani shinikizo limepanda?"

"Mtaweka waya au mpira wa maji, na kwa nini huo?"

"Damu yake imepimwa kama inaganda?"

"Usiku nani anaisoma namba, na ikipanda atafanya nini?"

"Mnatazamia kukitoa baada ya siku ngapi?"

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mahali penye muuguzi anayeisoma namba kila saa na daktari anayeitika akiitwa, hatari ya kitundu inalipwa na faida yake. Mahali ambapo namba huwaka usiku kucha bila mtu wa kuitazama, mgonjwa ametobolewa bure. Jibu la wazi kwa swali hilo litakupa utulivu wa kutia sahihi. Na jibu la kuzungukazunguka litakupa haki ya kuomba maelezo zaidi. Iwapo daktari anasema hakuna muda, mwamini kwamba mara nyingine kweli hakuna. Kwa hiyo uliza mawili: nani anaisoma usiku, na damu imepimwa?

Kwa upande wetu sisi tulio wazima, iko hatua moja ambayo haihitaji kitundu. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa ajali za pikipiki waliona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika kila 100. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimo katika hesabu hiyo.

Na kwa yule ambaye leo yuko nje ya mlango wa chumba hicho: mgonjwa wako anahitaji zaidi watu kuliko waya. Osha mikono kabla ya kumgusa. Taja dawa zake zote bila kuficha. Usisogeze kitanda. Ukiona bandeji ya kichwani imelowa, au mpira umejikunja, au chupa imeanguka, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mjuaji. Mwite muuguzi papo hapo. Macho ya jamaa nayo ni sehemu ya ulinzi wa mgonjwa.